Chemchemi Chini ya Bwawa

Nitawapa habari za mtu aliyekuwa na bwawa. Aliitwa Andongolile, na kwao kulikuwa nchi ya milima, yenye mvua nyingi na migomba, ambako asubuhi ukungu hukaa bondeni mpaka jua lipande. Bwawa lile alilijenga pamoja na baba yake alipokuwa kijana, ili ng'ombe wapate maji wakati wa kiangazi. Walichagua mahali ambapo kijito kinapita kati ya vilima viwili vilivyokaribiana, wakaziba hapo kwa tuta la udongo. Udongo wa vilima vile ni mwekundu, na maji hupenya ndani yake upesi. Kwa hiyo katikati ya tuta, kutoka chini kabisa hadi juu, walijaza udongo wa mfinyanzi wa rangi ya majivu, walioubeba kwa vikapu kutoka kwenye kinamasi cha ng'ambo ya vilima. Waliumwaga kidogo kidogo, wakapitisha ng'ombe juu yake waukanyage, wakamwaga tena, wakakanyagisha tena. Pembeni, kwenye ardhi ngumu ya kilima, walichimba mfereji wa kutolea maji yanayozidi.

Katika kazi ile baba yake alimfundisha jambo ambalo hakulisahau maisha yake yote. Alimwambia kwamba uhai wa tuta uko kwenye ule mfinyanzi wa katikati. Maji yakionekana upande wa chini nayo ni safi, mwenye bwawa asiyapuuze, ayaangalie kila siku. Lakini yakianza kutoka na udongo, ajue kwamba tuta linaondoka pamoja nayo, na hapo hakuna la kujadili: apunguze maji bwawani na kuwahamisha watu walio chini.

Baba alikufa. Ng'ombe nao wakapungua, kwa maana malisho yaligeuka mashamba. Andongolile akaona kwamba bwawa linaweza kuwapa watu kitu kingine. Akapanda nyasi kuzunguka kingo, akaweka mabenchi, akatengeneza boti ndogo za kupiga makasia, akapandikiza samaki. Watu wakaanza kuja. Siku za Jumapili, baada ya ibada, familia zilitandika mikeka kando ya maji, watoto wakazungushwa kwa boti, kwaya zikaja kuimba na kupiga picha, na harusi zikafanyiwa pale. Wazee ambao maisha yao yote walikuwa hawajakaa mahali bila kazi mkononi walikaa pale na kutazama maji tu. Andongolile alipendwa. Alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, na mtu aliyekuwa na ugomvi nyumbani kwake alikuwa akienda kukaa naye bwawani mpaka moyo utulie. Msidhani kwamba nawasimulia habari za mtu mbaya.

Kaka yake alipofariki, Andongolile ndiye aliyempa mjane kiwanja cha kujenga. Mjane huyo aliitwa Tusekile. Kiwanja kilikuwa bondeni, chini ya tuta, kwa sababu udongo wa pale unastawisha migomba. Tusekile akajenga nyumba, akaishi humo na binti zake wawili, na baadaye akamchukua baba yake mzazi, mzee aliyekuwa hasikii vizuri na miguu yake imechoka, ili amtunze.

Ikawa kiangazi kimoja, nyasi zote za vilimani zilipokauka, mahali pamoja upande wa chini wa tuta palibaki kijani. Wa kwanza kupaona alikuwa Sekela, mke wa Andongolile. Alikuwa akipita na mzigo wa kuni, akasimama, akagusa ardhi kwa mguu wake, akamwita mumewe na kumwambia kwamba pale pamelowa. Andongolile alimjibu kwamba ni umande. Sekela alimtazama, kwa sababu ilikuwa saa sita ya mchana, lakini hakuongeza neno. Alibeba kuni zake akaenda. Tangu siku hiyo hakuligusia tena, na mumewe naye hakuligusia, na nyumba ile ikawa na jambo lisilotajwa ndani yake.

Andongolile alijua. Alirudi pale peke yake asubuhi iliyofuata na bilauri ya kioo, akachota yale maji kidogo yaliyokuwa yakichuruzika, akayainua kuelekea jua. Yalikuwa safi. Akashusha pumzi. Akajiambia kwamba maji safi si hatari, kwamba baba yake alisema ayaangalie, naye anayaangalia. Na ilikuwa kweli, kila asubuhi alikwenda na bilauri yake. Lakini alijua pia njia ya kuponya tuta. Angepaswa kulitoa bwawa maji yote, kuwaacha samaki wafe, kuziegesha boti kwenye matope, kuwaambia wenye harusi wasije, kisha kuchimba tuta mpaka kwenye moyo wake na kujaza upya. Kila mtu angeona matope ya chini. Kila mtu angeuliza ni nini kimetokea, na lingefuata swali jingine, kwa nini mjane wa kaka yake amepewa kiwanja hapo chini.

Basi akaahirisha. Alisema moyoni kwamba atalitoa maji baada ya harusi za mwezi ule. Harusi zilipokwisha, akasema baada ya mkutano wa kwaya. Na ili macho ya watu yasiulize, alipanda maua pale palipolowa, yale maua meupe marefu yanayopenda maji. Yalistawi kuliko maua yote ya mahali pale. Maharusi wakapenda kupigia picha hapo. Watu walimsifu kwa bustani ile, wakamwomba mbegu, na yeye akatabasamu na kuwagawia.

Siku moja Tusekile alipanda kutoka bondeni akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Aliutua barazani kwa shemeji yake, akapiga magoti kidogo kama ilivyo desturi yao, akamwambia kwamba amekuja kushukuru. Kwenye ua wake, nyuma ya jiko, kumetokea chemchemi. Kwanza ardhi ililowa, kisha maji yakachimbuka yenyewe. Amekizungushia mawe kisima kidogo, na sasa binti zake hawaendi tena mtoni na ndoo, wanapata nafasi ya kusoma. Alisema Mungu amemkumbuka mjane, na kwamba yeye Andongolile, aliyempa kiwanja kile, ndiye njia ambayo baraka ilipitia.

Andongolile aliutazama ule mkungu. Ulikuwa mkubwa, ule ambao mtu hauuzi, humpa mgeni wa heshima. Maneno yalimjia mpaka kwenye ulimi. Akasema, "Ahsante, shemeji. Mungu ni mwema." Jumapili iliyofuata Tusekile alisimama kanisani akatoa ushuhuda wa chemchemi, watu wakapiga vigelegele, na mzee wa kanisa, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha mbele, alipiga makofi pamoja nao. Sekela alikuwa upande wa wanawake. Yeye aliinamisha kichwa.

Mvua za kwanza zikaja. Bwawa likajaa, likawa zuri kuliko wakati wote, maji yakagusa nyasi za kingoni. Bilauri ya Andongolile ilianza kuonyesha ukungu kidogo chini. Alisema ni mvua. Akaacha kwenda na bilauri.

Wiki ile ile Tusekile alimkuta njiani, naye akasimama kumsalimu. Baada ya kuulizana habari za nyumbani, alimweleza kwamba kuna jambo linamsumbua.

"Shemeji, maji ya chemchemi yameanza kuja na udongo. Nifanye nini?"

Hapa, ndugu zangu, ndipo mtu huyu alipopewa mlango ulio wazi kabisa. Hakuulizwa na umati, hakuulizwa na adui. Aliulizwa na mtu mmoja aliyemwamini, njiani, mchana, hakuna aliyekuwa akisikiliza. Naye alijibu upesi, kama mtu anayeshauri jambo la jikoni.

"Chuja kwa kitambaa, shemeji."

Tusekile akamshukuru, akaenda zake. Andongolile alifika nyumbani akakaa mbele ya chakula mpaka kikapoa. Sekela alimuuliza kama anaumwa. Akasema amechoka.

Jumamosi ya wiki hiyo palikuwa na harusi kubwa bwawani. Maturubai yalikuwa yamefungwa tangu asubuhi, spika zimepangwa, watoto wa wageni wamejaa kwenye boti, na kwaya tatu zilikuwa zikipokezana. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, lakini asubuhi ile jua lilitoka, na watu walisema kwamba ni ishara njema. Bomba la kijiji halikutoa maji siku hiyo, kwa hiyo wanawake waliokuwa wakipika walimwomba Tusekile awaletee maji ya chemchemi yake. Akachota, akachuja kwa kitenge, akachuja tena, akapanda na ndoo. Wapishi walipoyaona walikunja nyuso. Mmoja wao alicheka, akauliza kama ameyachota kwenye matope ya nguruwe. Tusekile aliona aibu. Alimtafuta shemeji yake katikati ya wageni ili awe shahidi wake kwamba hakuwa mzembe, akamkuta amesimama juu ya tuta, amevaa suti yake ya kanisani, anapokea salamu.

"Shemeji, nimefanya kama ulivyosema. Tazama mwenyewe."

Alikunjua kile kitenge. Ndani yake palikuwa na tope zito, limekaa kama ugali uliopakuliwa. Lilikuwa la rangi ya majivu.

Andongolile alinyoosha kidole akaligusa. Lilikuwa laini, halina chembe ya mchanga, linanata. Katika bonde lote lile, na vilima vyote vile vyekundu, udongo wa namna hiyo haupatikani. Aliujua kwa ngozi ya miguu yake, kwa sababu aliukanyaga akiwa kijana, yeye na baba yake na ng'ombe. Kilichokuwa mikononi mwa mjane wa kaka yake kilikuwa moyo wa tuta walilokuwa wamesimama juu yake.

Angeweza bado kusema neno jingine. Kwaya ilikuwa ikiimba. Bibi harusi alikuwa akielekea kwenye maua meupe na wapambe wake. Watu wawili walikuwa wakimsubiri kando, wampe mkono. Alimtazama Tusekile, na Tusekile alikuwa akimtazama yeye usoni, akingoja kusikia kwamba hana kosa.

"Hiyo si chemchemi, shemeji," alisema. "Ni bwawa linavuja. Nami nilijua."

Tusekile hakuelewa mara moja. Alikitazama kitambaa, akatazama maji upande wa juu yaliyokuwa sawa na nyasi, kisha akageuka akatazama upande wa chini, kwenye bati la nyumba yake kati ya migomba.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla hujaniletea ndizi."

Hakupiga kelele wala kulia. Kitambaa kilimtoka mikononi. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayejiambia mwenyewe, kwamba baba yake yuko ndani na watoto wako ndani, akashika vazi lake na kuanza kuteremka mbio.

Andongolile alikwenda kwa mshereheshaji, akachukua kipaza sauti mkononi mwake. Aliwaambia watu kwamba tuta linavuja vibaya, kwamba boti zote zirudi ufukoni sasa hivi, watoto wapandishwe kilimani, mtu asisimame juu ya tuta wala chini yake, na wanaume waende kwenye mfereji wa pembeni wauchimbe kwenda chini ili maji yapungue. Alisema kwa kifupi na kwa utulivu, na kwa sababu walimwamini walimtii. Tayari Sekela alikuwa amekimbilia ghalani, anarudi na majembe begani, kana kwamba kwa miezi mingi alikuwa akingoja aagizwe. Bwana harusi alivua koti. Alikunja suruali yake mpya mpaka magotini, akaingia mferejini na jembe, na wajomba zake wakaingia nyuma yake, na waimba kwaya na majoho yao. Walichimba kwenye ile ardhi ngumu ya kilima, na kila walipopasua kidogo maji yalipita kidogo zaidi, yakageukia korongo la upande wa pili ambako hakuna anayeishi.

Andongolile naye akateremka nyuma ya Tusekile. Alipofika, Tusekile alikuwa ameshawatoa binti zake, amewaonyesha njia ya kilimani na kuwaambia wasigeuke nyuma. Baba yake alikuwa amekaa kitandani, anatafuta fimbo yake. Hakuweza kutembea upesi, na Tusekile hakuweza kumbeba peke yake kwenye mwinuko ule. Andongolile aliinama mbele ya kitanda. Tusekile alisimama mlangoni akamtazama, na kwa kitambo kifupi ilionekana kama atamwambia asimguse baba yake. Kisha akamwinua mzee, akamweka kwenye mgongo wa shemeji yake.

Walipanda. Mzee hakuwa amesikia lolote la yaliyosemwa. Tangu asubuhi alikuwa akisikia kwa mbali ngoma na vinanda, akadhani kwamba wamekuja kumchukua aende harusini, kwa maana alikuwa amesikitika kubaki nyumbani. Akamshukuru aliyembeba. Alimshukuru njia nzima, karibu na sikio lake. Alimwita mwanangu. Alisema siku hizi vijana hawawakumbuki wazee, lakini yeye amekumbukwa. Alimwombea uzao, alimwombea maisha marefu, alimwombea siku ya uzee wake apate naye mtu wa kumbeba. Andongolile alipanda na baraka zile mgongoni, na Tusekile alikuwa akitembea nyuma yao, na alisikia kila neno.

Wakiwa wamefika kilimani ndipo tuta lilipoachia. Pale penye maua meupe pakateleza kwanza, kama tonge linavyomeguka kwenye sinia, likabaki shimo, na kutoka shimoni maji yakaruka yakiwa mazito na meusi. Kisha sehemu ya juu yake ikaporomoka. Wachimbaji walikuwa wameshapunguza maji kwa kina cha kiuno cha mtu, na hiyo ndiyo iliyowaokoa walioishi mbali zaidi bondeni, kwa sababu mafuriko hayakuwafikia. Lakini nyumba ya Tusekile ilichukuliwa. Migomba ilichukuliwa, na banda la mbuzi na mbuzi wake, na kile kisima kidogo cha mawe. Hakufa mtu hata mmoja. Jioni ile palipokuwa na bwawa palikuwa na matope, boti zimelala ubavu, samaki wanatapatapa, na watu waliovaa nguo za harusi wamesimama kuzunguka kingo.

Habari zikaenea kwamba Andongolile amewaokoa watu. Walisema aligundua mapema, aliagiza kwa hekima, alijitupa bondeni kumbeba mzee wa watu wakati wengine wanakimbia. Jumapili mchungaji akamwita mbele ya kanisa. Akawaambia waumini wasimame wamshukuru Mungu kwa ajili ya mtumishi huyu, aliyepoteza mali yake ili ndugu zake waishi. Watu wakasimama. Vigelegele vilianza. Tusekile pekee alibaki ameketi, binti zake pande zote mbili, amevaa nguo ya kuazima. Hakuwa amemwambia mtu yeyote yale aliyoyasikia juu ya tuta. Alimtazama tu shemeji yake, na macho yake hayakuwa ya hasira. Alikuwa akingoja kuona atafanya nini.

Andongolile aliinua mkono mpaka wakanyamaza. Alisema shukrani hizo hawezi kuzipokea. Akawaambia yote, tangu mahali palipobaki kijani, na bilauri, na maua aliyoyapanda kuficha, na mkungu wa ndizi aliopokea. Aliwaambia jibu alilompa mjane wa kaka yake njiani, kwa maneno yale yale. Hakujitetea wala hakulia ili ahurumiwe. Alipomaliza, mchungaji alikuwa ametazama sakafu. Kutoka upande wa wanawake Sekela alisimama, akasema kwamba naye aliona kabla ya watu wote, na naye alinyamaza. Akakaa.

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo. Wapo waliosema kwamba hakupaswa kusema, kwa kuwa hakuna aliyekufa, na heshima yake ilikuwa na faida kwa kanisa. Wengine walitaka afukuzwe kijijini. Baba wa bwana harusi, aliyekuwa rafiki yake tangu ujana, aliacha kumpa mkono. Aliondolewa kwenye uzee wa kanisa, naye hakupinga. Alimjengea Tusekile nyumba kilimani, kwa mikono yake na mikono ya mke wake, akamkatia na shamba. Siku zote za ujenzi Tusekile alipita pale kuangalia, hakuwaletea uji wala kuwasalimu. Nyumba ilipokwisha aliingia na watoto wake na baba yake, akafunga mlango. Bwawa halikujengwa tena. Kijito kilirudi kwenye njia yake ya zamani, na waliotaka kupumzika Jumapili walitafuta mahali pengine.

Mwaka ukapita na mwingine ukaanza. Siku moja ya mchana Tusekile alikuja nyumbani kwa Andongolile. Alimkuta ameketi barazani anapukuchua maharage pamoja na Sekela. Hakupiga hodi wala hakupiga magoti. Alisimama mbele yake, akamwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe katika ukoo ule.

"Andongolile. Kuna kingine?"

Hakujibu upesi safari hii. Aliweka maharage chini, akafikiri kwa bidii, akajipekua mwenyewe kama mtu anavyopekua nyumba chumba kwa chumba, naye Tusekile akamsubiri. Kisha akasema, "Hakuna."

Tusekile alimkazia macho kwa muda mrefu. Kisha akavuta kigoda, akaketi, akamwuliza Sekela goti lake linaendeleaje siku hizi za baridi. Sekela akaanza kumweleza. Hakuna aliyezungumzia msamaha siku ile. Waliongea habari za magoti na za baridi, na za mzee, ambaye bado alikuwa akisimulia siku aliyobebwa kwenda harusini. Tusekile alikuwa hajamwambia mzee ukweli wa siku ile, na alisema kwamba atamwambia akirudi nyumbani. Aliondoka jua lilipoanza kushuka, na alipoaga alisema, "Haya, shemeji."

Basi, ndugu zangu, kila mmoja wetu ana jambo analolizunguka asubuhi na bilauri yake, akijiambia kwamba bado ni safi. Mimi sitawauliza ni jambo gani, maana kila mtu analijua lake. Nawauliza hili tu, mwende nalo nyumbani: katika bonde lililo chini ya ukimya wako, ni nani aliyelala?